Kifuniko cha Injini ya Mjomba

Nina stashahada ya ufundi wa injini za boti. Niliipata Muscat, nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, bila kushikwa mkono na mtu. Nimeitundika ukutani kwenye karakana yangu hapa Maili Moja, na mteja akiingia huiona kabla hajaniona mimi. Nasema hivi ili ieleweke kwamba nilichokifanya kwenye boti ya mjomba wangu sikukifanya kwa kutojua.

Mjomba alikuwa na boti ya mbao ya kuvusha watu mto Ruvu, kutoka upande wa Gwata kwenda kwenye mashamba ya ng'ambo. Injini yake ilikuwa ya dizeli, nzito, ya kuzungusha kwa mkono, na ilitoa moshi kama tanuri la mkaa. Hakuruhusu abiria kupanda mpaka iwake. Aliinua mbao za chini, akainama kunusa, akapiga bismillahi, ndipo akazungusha. Abiria walisubiri ukingoni wakimtania kwamba ananusa pilau.

Niliporudi nyumbani, injini ile niliiona aibu ya ukoo mzima. Nikamfungia ya petroli, ya kuwasha kwa swichi. Nikaitengenezea kasha lenye kifuniko, nikaweka sponji juu na kulivika ngozi nyekundu, ili akina mama wakalie bila kuchafua kanga zao. Matundu ya hewa nayo nikayaziba, maana yaliharibu sura ya kazi yangu.

Dizeli ikivuja hubaki mafuta tu, na cheche ndogo haiiwashi kirahisi. Petroli ikivuja hugeuka mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka ukalala chini ya boti. Hapo cheche moja ya swichi inatosha. Ndiyo maana injini ya petroli iliyofungwa ndani ya boti hufunuliwa na kupata hewa kabla ya kuwashwa. Somo hilo tulifundishwa wiki ya kwanza, na mtihani wake niliongoza darasa.

Asubuhi ya kwanza niliwapandisha abiria mwenyewe, watu wanane. Nilitaka injini iwake wakiwa wameshakaa, wajionee. Mjomba akateremka ukingoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hawa mbona wamekaa?"

"Hii siyo ile ya kuzungusha. Unabonyeza, mnaondoka."

"Washuke kwanza."

Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya akacheka. "Mzee, mpwa wako kasoma Uarabuni. Wewe umesomea wapi?"

"Hapa hapa mtoni. Shukeni."

Walishuka wakinung'unika. Mjomba akapanda, akainama juu ya kasha, akashika kifuniko kwa mikono miwili.

"Kuna harufu," alisema.

"Mjomba, hiyo ndiyo harufu ya maendeleo."

Ukingo mzima ukacheka. Nami, vicheko vikiwa bado vinanipendeza, nikabonyeza swichi.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, kama mtu amekung'uta turubai. Kifuniko kiliruka na moto ukasimama. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nikaangukia majini bila hata unywele kuungua. Mjomba aliungua mikono mpaka viwikoni. Yule mama alimwaga nyanya zake zote, akachota maji kwa ndoo, akawa anammwagia mikononi. Boti iliteketea.

Hospitalini watu walimuuliza kulitokea nini. Kabla sijafungua mdomo, mjomba akajibu, "Nilivuta kifuniko wakati anawasha. Fundi hana kosa."

Nikaliacha jibu lake lisimame. Siku chache baadaye mteja mmoja alikuja karakanani akisimulia habari za mzee wa Gwata aliyechokonoa injini asiyoijua. Alisimama chini ya fremu yangu, akanitazama, akingoja niseme neno. Nikasema, "Wazee bwana." Tukacheka wote wawili. Hapo ndipo ninapojichukia kuliko hata pale kwenye swichi.

Nilimtengenezea mjomba boti nyingine, nikamrudishia dizeli, na injini nikaiacha wazi bila kasha. Lakini vidole vyake havikunjiki tena kushika mpini wa kuzungushia. Kwa hiyo kila alfajiri natoka nyumbani kwangu Mkuza kwenda kumwashia.

Wiki iliyopita aliinama kunusa kama kawaida yake, na yule mama wa nyanya akapaza sauti kutoka ukingoni: "Mzee, si umerudi kwenye dizeli? Unanusa nini tena? Au bado unamharibia fundi kazi?"

Nilikuwa nimeshika mpini. Nikauweka chini.

"Siku ile alisikia harufu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeziba hewa, mimi ndiye niliyebonyeza. Angenisikiliza mimi, mngekuwa ndani."

Hakuna aliyecheka. Yule mama aliitazama mikono ya mjomba, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Nilitamani mjomba aseme lolote la kunitetea, kama hospitalini.

"Zungusha, mpwa," alisema. "Watu wanachelewa shamba."