Rubani na Kituo cha Dakika Hamsini

Mtaani kwetu kuna rubani, mume wa fundi cherehani. Akivaa sare hata mbwa wanamwamkia. Akiivua anatumwa vitunguu kama sisi wengine.

Juzijuzi kampuni ilimpa fomu achague kituo, yaani mji ambao safari zake zote za kazi zitaanzia na kuishia. Abaki hapa na kile kindege cha mapangaboi, au aende makao makuu kwenye ndege kubwa na cheo cha chapchap. Mkewe hahami, wateja wake wako hapa, na binti yao ndiyo kwanza kaanza shule. Rubani akaja na dawa: kazi iwe kule, nyumba ibaki hapa.

"Mama Kifaranga, ni dakika hamsini tu! Watu wanakaa foleni zaidi ya hapo."

"Umehesabu kuanzia wapi, Baba Kifaranga?"

"Magurudumu yakiacha ardhi."

Ndio ugonjwa wa marubani. Kwao safari ni ile ya hewani. Yaliyobaki ni porojo.

Mama Kifaranga hakubishana. Mume alipoitwa kule kwa majaribio ya wiki mbili, alichukua chaki ya kukatia nguo, akaandika ukutani saa aliyotoka: kumi na mbili asubuhi. "Ukitua begi lako, nipigie."

Mfanyakazi hupanda bure, ila kwa kiti kilichobaki. Ndege ya kwanza haikubakiza. Ya pili ilijazwa na timu ya mpira pamoja na makocha wake. Rubani akakaa ukumbini na mistari yake mabegani, akielekeza watu vyoo.

"Kumbe na nyie mnaachwa, mwanangu?" bibi mmoja akamuuliza, kwa huruma inayouma.

Simu ilipigwa saa tisa alasiri. Chaki ikaandika: masaa tisa.

Kurudi kulikuwa hivyo hivyo. Alipewa mapumziko ya siku mbili, moja ikaishia njiani, nyingine akaikoroma yote. Binti akawatangazia wenzake shuleni kwamba baba yake ana kazi ya kulala.

Siku ya mwisho ya fomu, rubani mwenzake akampigia. "We! Ukibaki huko utazeeka na pangaboi!"

Rubani akakata simu, akausogelea ukuta. "Na ningepata kiti kwenye ile ndege ya kwanza?"

"Jaza unavyotaka," mkewe akasema, pini mdomoni. "Ila ukijaza kule, hama na nguo zako. Sitaki mume wa kuning'inia kabatini."

Saa sita mchana kasoro dakika tano, fomu ilitumwa. Karani wa kampuni akapiga hapohapo.

"Rubani, umeweka alama kwenye kituo cha huko huko. Umekosea?"

"Sijakosea, dada."

"Na chaguo la pili umeacha wazi."

"La pili ni kushona vifungo," rubani akasema, akimtupia mkewe jicho. "Kazi hiyo nimeshaomba, nimekataliwa."