Mabati Yaliyopakwa Oili Chafu

Juzi redioni mtaalamu mmoja alisema dunia inazidi kupata joto, na si kwa moshi wetu peke yake: imepungukiwa weupe pia. Barafu inayeyuka, mawingu ya chini yanapungua, na jua lililokuwa likirudishwa juu sasa linamezwa na bahari na ardhi. Alisema kama anayetangaza habari mpya. Nikasonya. Mpya kwa nani? Mimi nililijua hilo mtaani kwetu Kisenyi, kwa siku mbili tu, ndani ya chumba changu.

Ilikuwa mwisho mwisho wa utawala wa wanajeshi, vita vikija kutoka upande wa Masaka. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa kike kabla ya miezi yake, mdogo, bambi, maskini wa watu, hata kulia hajui vizuri. Mkunga alinionya: asipigwe na baridi, wala joto kali. Baridi niliiweza.

Akaja askari, akatukusanya uani. "Nyinyi raia, mabati yenu inang'aa sana! Ndege ya adui itaona. Paka nyeusi leo leo! Nikirudi nikute moja inang'aa, naondoka na mwenye nyumba."

Waliochukuliwa na askari kabla ya hapo tuliwajua. Viatu vyao vilikuwa bado milangoni.

Rangi tuitoe wapi, na hata chumvi ilikuwa shida? Lakini Kisenyi ni gereji tupu, na mume wangu alikuwa fundi wa magari. Kila gereji ilikuwa na pipa la oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini. Wanaume wakapanda na matambara, wakapaka mtaa mzima, wakichekana nyuso. Wajinga! Na mimi nikawapikia chai.

Jirani yetu mmoja, mzee, alifanya kazi ya hali ya hewa. Kazi yake ilikuwa kuligawa anga mafungu manane kwa macho na kuandika mangapi yamefunikwa na mawingu. Akaja mlangoni kwangu.

"Mama, leo ni saba kwa nane, mawingu yanakukinga. Yakitawanyika, mtoe mtoto humo. Bati jeupe lilikuwa linalirudisha jua. Hili jeusi linalinywa."

"Nimpeleke wapi, mzee?"

Nje askari walikuwa wakifyatua risasi ovyo. Mzee akalitazama anga tena, akaenda zake.

Kesho yake anga likawa jeupe, wingu hakuna. Kufika adhuhuri chumba kilikuwa tanuri, oili inadondoka kwenye matundu ya misumari. Mtoto amekuwa mwekundu, mdomo wazi, halii. Nikamfunika kitambaa kibichi, nikaegemeza ngazi, nikapanda na jivu na kipande changu cha mwisho cha sabuni. Risasi na zije! Nikasugua sehemu ya paa iliyo juu ya kitanda chake mpaka bati likang'aa, kadiri ya mkeka mmoja. Viganja vilibabuka. Lakini nilipokaa naye tena, baada ya muda kidogo akashika titi. Wallahi, alinyonya.

Mume wangu aliporudi akaliona bati lile kabla hajanisalimu.

"Unataka watuue sote?"

"Na huyu hayumo katika sote?"

Akanipa mgongo, akalala. Asubuhi nilikwenda bombani kuchota maji. Niliporudi, tone jeusi lilikuwa limedondoka kwenye shuka ya mtoto. Mume wangu alikuwa amepanda, akapaka tena, akaenda kazini. Nikakimbia nyuma ya nyumba kuitafuta ngazi. Ameondoka nayo.

Nilipanga kiti juu ya meza, nikapanda, nikaanguka. Nikagonga kwa majirani kuomba ngazi, hakuna aliyefungua; risasi zilikuwa zimeanza tena. Siku hiyo nayo anga halikuwa na hata fungu moja la wingu. Mwanangu alikata roho kabla ya alasiri.

Yule askari hakurudi kukagua. Wiki haikwisha, wote walikuwa wamekimbia, na mabati yetu yakabaki meusi mpaka mvua za masika zilipoyaosha bure.

Nimeishi na mume wangu miaka mingi baada ya hapo. Nimempikia, nimemuuguza, nimemzika. Watu wananiambia yaliyopita si ndwele, na marehemu hasemwi. Mimi namsema! Uliogopa, sawa, sote tuliogopa. Oili ningeisugua tena. Lakini ngazi, baba, ngazi uliichukulia nini?