Vioo vya Pikapu ya Dahish

"Aliyepanda pikapu yangu hajawahi kushuka maiti!"

Mabkhut bin Saleh aliyatamka hayo harusini, mbele ya wanaume wote wa bonde la Jauf, shavu limemfura mirungi kama ameficha chungwa. Hakuna aliyebisha. Lile kongwe lake nani asiyelijua? Manjano iliyobabuka, mlango mmoja wa kijani, ekzosi inakohoa kama mzee mwenye pumu. Likikohoa tu, waviziaji barabarani hushusha bunduki, maana abiria wa Mabkhut yumo katika dhamana yake. Ukimgusa, umegusa kabila zima.

Basi Hizam, aliyekuwa akiwindwa na ukoo wa Jureb kwa kisasi cha damu, akamwomba amfikishe Maarib. Mama yake alikuwa hospitali, anakata roho.

"Ami, utampakia mgeni kwenye hilo kopo la samli?" Dahish, mtoto wa kaka yake, akamcheka. "Chukua langu. Jipya, lina kiyoyozi."

"Langu likiharibika nalitengeneza kwa nyundo na waya."

"Na likipona linanuka beberu. Tusiaibike, ami!"

Neno aibu likamchoma. Akachukua funguo.

Wakaenda kifalme: baridi tele, vioo vyeusi vimefungwa, injini kimya kama paka anayeiba. Pale kwenye kona ya Majabali Mawili, risasi zikapasua boneti. Taa zote za dashibodi zikawaka, kisha zikazima kwa pamoja, na gari likafa. Mabkhut akabonyeza kitufe cha kioo. Kimya. Akabonyeza tena. Kwenye kongwe lake angezungusha mkono wa kioo, atoe kichwa, apige kelele.

"Mimi Mabkhut! Yumo katika dhamana yangu!"

Sauti ikaishia humo humo ndani. Mlango nao ukagoma. Akapiga kioo kwa kitako cha bunduki, mara ya kwanza, ya pili. Kilipomwagika mapajani, Hizam alikuwa ameinama kama anayetafuta kiatu, na shingo yake ilikuwa inatema damu kwenye kiti ambacho bado kina nailoni ya dukani.

"Mimi Mabkhut!" akaita tena, safari hii akasikika.

Risasi zikakoma. Kijana mmoja wa Jureb akateremka jabalini, uso umempauka, akatupa bunduki chini.

"Ami Mabkhut? Wallahi hatukujua ni wewe! Gari lako liko wapi?"

"Nyumbani," akasema Mabkhut, akampiga risasi ya kifua. Alipoanguka akamwongeza nyingine, ya mdomo.

Jioni lile kongwe likaja likikohoa, likabeba maiti ya Hizam, likalivuta na lile jipya kwa mnyororo. Vita vya bonde vilikuwa vimeshaanza. Dahish alizunguka pikapu yake akihesabu matundu, asithubutu kumtazama ami yake.

Kioo cha mlango kama kile alichokivunja Mabkhut, huko Maarib, ni riyali elfu tisini.