Nyota Niliyoikwangua kwa Wembe

Nikisikia harufu ya siki, hata iwe ya kachumbari, nasukuma sahani. Dawa za Baba za kusafishia picha zilinuka hivyohivyo, pale studio yetu Nyamirambo, Kigali. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, nina wembe mkononi, naringa.

Kazi yangu ilikuwa madoa. Kila kidoa cheusi kwenye filamu hutoka kidoti cheupe kwenye picha, kwa hiyo nilikikwangua taratibu kabla Baba hajachapa. Alinisifu kwa wateja mpaka kichwa kikavimba.

Siku moja nilikuwa madrasa, kwa hiyo haya nilisimuliwa baadaye. Mwalimu mmoja wa fizikia alileta filamu aliyoipiga kwa darabini yake, ya galaksi ya mbali, mikono yake imejiviringa kama maziwa yanapokorogwa kwenye chai. Baba alipoisafisha, Mwalimu akaikagua kwa lenzi, akapiga ukelele. "Mzee wangu, hapa iko nyota mpya! Mwaka jana haikuwepo. Itawaka siku chache tu, halafu itakufa. Nichapie haraka niitume Ulaya, ndiyo ushahidi wangu pekee."

Baba akaiacha mezani, akaenda kuswali alasiri. Nikarudi, nikaiona. Ya Rabi, filamu gani chafu hivi! Nikakwangua kidoa kimoja kimoja, hata vilivyokuwa kwenye yale maziwa. Baba akachapa gizani bila kushuku.

Kesho yake Mwalimu aliishika picha, akaigeuza, akaisogeza dirishani. "Nyota yangu iko wapi?" Baba akanitazama, akautazama wembe wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni mimi, Mwalimu," Baba akasema. "Nilifikiri ni vumbi."

Mwalimu alikimbilia darabini yake, lakini mvua ilikuwa imeshaanza. Wiki nzima Kigali ilifunikwa na mawingu. Kila sala nilimlilia Mungu ayafungue, nikalia mpaka sauti ikakauka. Yalipofunguka, nyota ilikuwa imekufa.

Wakati huo, wallahi, nilishukuru tu kwamba sikuchapwa. Mtaa ulicheka: mpiga picha gani huyo asiyejua nyota na vumbi? Wakambandika Baba jina Mukungugu, yaani vumbi kwa Kinyarwanda, na maharusi wakahamia studio nyingine. Ukubwani ndipo nilipoelewa Baba alitoa nini siku ile kwa maneno yale machache. Baba alizikwa na jina hilo. Nilisimama pale makaburini, nikawasikia wakilitaja, nikanyamaza. Ninyi ndio wa kwanza ninaowaambia kwamba wembe ulikuwa wangu.