Sindano Nne za Mtajiju

Mzee Ng'washi alishuka Usangu kutoka Usukumani na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana asiye na ndevu. Sasa mvi zimemjaa, na bado anachunga mwenyewe. Ni mtu wa maneno machache. Yusta, mke wa mwanawe, alikaa pale nyumbani mwaka mzima kabla hajamsikia akicheka, na aliyemchekesha alikuwa mbwa: jike la rangi ya majani makavu aitwaye Mtajiju, yaani mtajijua wenyewe, jina lililokusudiwa majirani. Siku Yusta alipojifungua, Mtajiju alilala mlangoni, hata kuku hakupita.

Ndiyo maana Yusta alipoona damu inamdondoka mbwa yule, akainua mkia na kukuta uvimbe mwekundu kama kolifulawa, alikimbia kumwita mzee. Majirani hawakupindisha maneno. "Hiyo kansa. Muueni kabla hajamwambukiza mtoto."

Asubuhi yake mzee alimpakia Mtajiju kwenye bajaji ya mizigo, pamoja na Yusta aliyembeba mtoto mgongoni, wakaenda Chimala kwa daktari wa mifugo. Daktari mwenyewe alikuwa Devotha, binti wa Kilolo. Mzee aliposikia lafudhi yake akasita mlangoni.

"Wewe Mhehe?"

"Mhehe kabisa, baba."

"Yusta, turudi. Huyu atampima mbwa wangu kwa jicho la mboga."

Utani wa Wahehe kula mbwa Devotha aliujua; alicheka mpaka akashika meza. "Ingia, Msukuma mla michembe ya viazi! Leo nimeshashiba."

Alisugua kipande cha kioo kwenye uvimbe, akakiweka chini ya darubini, akamwita Yusta achungulie. Yusta aliona viduara vimebanana kama mayai ya chura, kila kimoja na vipovu vyake. Akarudisha kichwa nyuma. Vitu vidogo namna ile, halafu vinaua!

"Ni kansa kweli," Devotha alisema. "Ila hii mbwa huambukizana wao kwa wao, wakipandana au wakilambana. Kwa mtoto haiendi. Kumuua ni njia moja, mimi siisifu. Kukata ni ya pili, lakini pale pana damu nyingi, na mara nyingi huota tena. Ya tatu ni sindano, moja kila wiki, nne mpaka sita. Wengi hupona."

"Sindano," alisema mzee.

"Ngoja kwanza, baba. Dawa yenyewe kali. Lazima iingie ndani ya mshipa. Akijitikisa ikamwagika nje, nyama ya mguu inaoza. Nani atamshika?"

"Mimi."

"Haya. Mama, wewe unanyonyesha, kaa kule mlangoni. Na hata nyumbani, dawa hii hutokea kwenye mkojo wake, mtoto asiukaribie."

Sindano iliposogea, Mtajiju aliunguruma, mwili mzima ukimtetemeka. Mzee Ng'washi akamkumbatia, akaweka mdomo kwenye sikio lake, akaanza kutaja ng'ombe wake. Hakuwahesabu, kwani wazee wa kwao hawahesabu ng'ombe. Aliwataja mmoja mmoja, kwa mpangilio wanaoingia nao zizini jioni.

"Mweusi wa pembe moja. Mama Madoa. Yule wa mvua ya mawe. Mkorofi. Binti Mkorofi..."

Masikio ya Mtajiju yalisimama. Macho yakaenda mbali, akatulia tuli kana kwamba anawaona wakipita. Dawa ikaisha yote.

"Miaka yote niliyosoma," Devotha alisema akivua glavu, "hii sikufundishwa."

Wiki ya pili uvimbe ulikuwa umenywea. Ya tatu ulibaki kama harage. Walipoenda mara ya nne, Devotha alimpandisha mbwa mezani, akatafuta palipokuwa na uvimbe, akakuta ngozi tu. Alimchoma ile ya mwisho, ya kukata mzizi, kisha akaegemea meza.

"Sasa niwaambie kitu. Vile viduara havikuwa vya Mtajiju. Zamani sana, miaka maelfu, mbwa mmoja alipata kansa. Yeye akafa, kansa yake ikahamia kwa mwingine, na mwingine, mpaka ikazunguka dunia. Tuliyoimaliza hapa ni nyama ya mbwa yule yule wa kwanza."

Mzee Ng'washi alivua kofia.

"Maelfu," alisema taratibu. "Katembea maelfu ya miaka, kafika mpaka Usangu?"

"Mpaka kwako, baba."

Mzee akaketi sakafuni, kofia mapajani. "Yusta, mwanangu, umesikia?"

Yusta alikuwa amesikia. Alimtazama Mtajiju akijilamba, ulimi ukipita juu ya ngozi safi. Kisha mbwa akaruka kutoka mezani, akampita mzee pale chini, akaenda kusimama mlangoni akiwasubiri.