Asidi Machoni, Garimoshi Likingoja

Wiki iliyopita garimoshi la Taveta lilikawia Voi, na abiria tulinung'unika, mimi mbele ya wote. Mara tukasikia ukelele nje. Fundi wa betri za taa za mabehewa alikuwa ameteleza, na asidi ikamrukia machoni.

Mwenzake akaja mbio na kile kitambaa cha mafuta wanachofutia kila kitu, injini, mikono, hata jasho.

"Usimpanguse!" akafoka dereva, aliyekuwa akijaza injini maji. Akalivuta bomba pembeni, akalifungua kidogo tu, akanawa masizi vidoleni, kisha akamlaza fundi chini ya maji.

"Fumbua macho!"

"Yanachoma, mzee!"

"Fumbua. Utafumba ukifika kwako."

Akamshikilia kope robo saa nzima. Mkuu wa stesheni akaja, saa mkononi. Dereva hakugeuka. "Injini itangoja, bwana. Macho hayangoji."

Hatimaye fundi akaketi, amelowa chepechepe, macho mekundu. Akaikazia macho saa ya stesheni kule juu.

"Saa nne," akasema polepole, "na dakika ishirini."

Behewa zima tukapiga makofi. Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa nimechelewa.