Kipande cha Bati Nilichokikata

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usiipunguze hofu yangu ili nionekane shujaa. Siku ile niliogopa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi wa bodi za magari. Kibanda changu kilikuwa Makadara, karibu sana na mahakama, hata gari la mahabusu lilipopita niliweza kuziona nyuso nyuma ya wavu. Wengi wao walishtakiwa kwa wizi wa magari.

Hapo kibandani nilikuwa na gari la Kimarekani la milango miwili, usukani kushoto, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane. Mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao aliniachia likiwa limeliwa na kutu, pamoja na logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, na fomu ya kunikabidhi, aliyokwisha kuitia sahihi. Kwa miaka mitatu nililikata, nikalichomelea, nikalinyoosha, nikalipaka rangi nyekundu. Sasa nilitaka kuliuza, kwa sababu mama yako alikuwa ameitwa shule ya bweni na karo ilitakiwa, nami sikutaka mwanangu atie kidole gumba kwenye karatasi kama mimi.

Mnunuzi alikuja Jumamosi mchana. Alikuwa afisa wa polisi aliyevaa kiraia, mtu wa sauti ya upole. Aliliwasha gari, akalisikiliza likinguruma, akatabasamu. Kisha akafungua boneti, akaishika logibuku kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akapitisha kidole juu ya bati la kando ya injini. Kidole kikaenda, kikarudi.

"Fundi, nambari ya chesisi iko wapi?"

"Nambari gani, afande?"

"Iliyogongwa kwenye bati, ya kulitambulisha gari. Magari ya aina hii huwa nayo hapa."

Palikuwa laini kama kioo. Katika gari zima, hapo ndipo nilipojivunia kuliko pote. Nikakumbuka bati bovu nililolikata mahali pale, na alama ndogo zilizogongwa juu yake, ambazo kwangu zilikuwa mapambo ya kiwandani tu.

"Umelaza bati jipya vizuri sana," alisema. "Wezi wa magari nao hulaza vizuri hivi hivi."

Nilimweleza habari ya kutu, naye akasikiliza bila kupepesa.

"Basi nionyeshe kipande cha zamani."

Mafundi wote wa mtaa ule tulitunza vyuma vibovu, maana mteja hakulipa mpaka amekiona kilichotolewa. Lakini gari hili lilikuwa langu. Sikuwa na mteja wa kumwonyesha. Nilimwaga gunia zima la vyuma, nikapekua kwa mikono miwili hadi vidole vikatoka damu. Hakikuwamo. Ndipo nikakumbuka kwamba nyanya yako alikuwa akichukua mabati kibandani kuziba banda la kuku.

Tulikwenda nyumbani kwa miguu, yeye nyuma yangu, ufunguo wa gari mfukoni mwake. Majirani walinisalimu, nami nikaongeza mwendo.

"Mama watoto, lile bati la mlango wa kuku liko wapi?"

"Si lile pale? Miaka mitatu unaniambia nisiguse takataka zako, leo umezikumbuka?" Kisha akauona uso wangu. Aling'oa misumari kwa jiwe, akafuta kinyesi cha kuku kwa leso aliyojifunga, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

Afisa alianza kusoma, alama moja kwenye bati, moja kwenye logibuku. Mimi sikuweza kujua kama zinafanana. Niliyatazama macho yake tu, kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Alipofika mwisho akasimama. Kutu ilikuwa imekula nusu ya alama ya mwisho.

"Hii ni nane au tatu?" akaniuliza.

"Sijui kusoma, afande."

Kuku waliokuwa wametoka walipita katikati yetu.

"Nakuamini," akasema hatimaye. "Anayejua kusoma asingeikata hii. Mwizi angeitupa mtoni. Wewe umewafungia kuku." Akageuza bati kwenye jua, akalikwaruza kwa ukucha. "Ni nane, kama kwenye logibuku. Kairudishe mahali pake, nikiona."

Niliichomelea mbele yake. Ule ndio mshono mbaya kuliko yote niliyowahi kuifanya. Alilinunua gari siku iyo hiyo, lakini kwa miaka mingi kila niliposikia injini ya silinda nane barabarani niliweka nyundo chini na kungoja gari lipite.

Mama yako aliporudi likizo ya kwanza, sikumwuliza habari za chakula wala walimu. Nilimpa kipande cha chaki, nikamwambia anichoree sakafuni nane na tatu. Alichora. Nilizitazama mpaka nikaona zinapotofautiana.